Sentensi Aliyoongeza Velicu

"Bwana Ghelber! Simama hapo hapo!"

Hapo ndipo tulipomwacha Saniel, msomaji wangu: katikati ya ngazi za gazeti la Saa ya Bukaresti, mguu mmoja juu, mmoja chini, theluji ya Januari ikimyeyukia kwenye kola.

Kilichomgandisha si ile amri. Ni jina.

Bukaresti nzima, mji mkuu wa Romania, ilimjua kwa jina la Petre Siret, bingwa wa ukurasa wa pili. Mhariri aliyempokea zamani, alipofika kutoka kwao Podeni amevaa viatu vya kuazima, ndiye aliyemwambia: "Saniel Ghelber? Hilo haliingii kwenye safu, kijana. Tena wasomaji watajua wewe Myahudi kabla hawajajua unaandika nini. Tafuta jingine." Akachukua jina la mto unaopita kwao. Jina la kuzaliwa akamwachia mkewe, baba yake mkubwa, marafiki wachache, na Mungu.

Akageuka taratibu. Chini ya ngazi alisimama Kamishna Tudose, koti refu, masharubu yameganda barafu.

"Loo, Tudose! Umenirusha roho. Nikadhani ni polisi."

"Ni polisi," akasema Tudose, wala hakucheka.

Hawa walijuana tangu Saniel alipokuwa akiandika habari za mauaji. Kahawa nyingi walikuwa wamekunywa pamoja wakisubiri maiti ibebwe. Ni kalamu ya Saniel iliyompa Tudose sifa, na sifa ikampa cheo.

"Nipe kitambulisho chako cha uandishi," akasema Tudose. "Na pasi ya treni."

"Kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Hapo ndipo ninaposhindwa kukusaidia. Ungekuwa umeiba, ningejua pa kuanzia."

Serikali ilikuwa mpya, haijatimiza hata mwezi, na amri zake zilikuwa zikishuka kama mvua ya mawe. Mwandishi yeyote Myahudi, kitambulisho chini. Gazeti lolote lenye Wayahudi wengi, mlango ufungwe. Na Wayahudi wote wa nchi hii, hata waliozaliwa hapa, hata waliopigana vita vyake, warudi mahakamani wakathibitishe upya kwamba ni raia.

"Tudose, nilipigana mimi. Nina risasi kwenye paja. Unajua. Nilikuonyesha."

"Najua."

"Basi waambie."

"Niwaambie akina nani, Saniel? Wote wanajua." Akanyoosha mkono, uso ameuelekeza ukutani. "Lete, ndugu yangu. Nimekuja mwenyewe ili wasije vijana. Vijana wangekuvua na koti."

Saniel akampa. Akashangaa jinsi kadi ile ilivyotoka mfukoni kwa urahisi. Kutoka chini, kwenye chumba cha mitambo, hapakuwa na mngurumo wala mtetemo. Mitambo ilikuwa imepigwa lakiri nyekundu kama chupa za mvinyo.

Akateremka ngazi asijue aelekee wapi.

*

"Saniel! Njoo huku, njoo!"

Ng'ambo ya mtaa, mlangoni pa mkahawa, mtu mnene alikuwa akimpungia leso. Costache Dumbrava, mhariri mkuu. Mromania, Mkristo, rafiki. Mtu aliyesimamia harusi ya Saniel akalewa kabla ya bwana harusi.

Wakaketi pembeni. Dumbrava akaagiza kahawa mbili, akaisahau yake.

"Nimezungumza na wakubwa," akasema. "Jumatatu tunatoka tena."

"Kweli?"

"Kwa jina jipya. Saa Yetu."

"Saa Yetu," Saniel akarudia. "Yetu nani?"

Hapo, msomaji, Dumbrava, jitu lile lililokuwa likiwafokea mawaziri kwenye simu likaanza kulia. Lililia mbele ya watu, machozi yakaingia kwenye ndevu. Wahudumu wakageuza nyuso.

"Basi, basi, Costache," Saniel akajikuta akimpapasa bega. "Si kosa lako. Tulia. Kunywa maji."

Yeye ndiye aliyefukuzwa kazi, na yeye ndiye aliyekuwa akibembeleza!

"Lakini nina njia," Dumbrava akasema akipenga kamasi. "Utaandika kama kawaida. Utaleta kwa mlango wa nyuma. Chini tutaweka jina jingine, basi."

"Jina gani?"

"La Velicu."

Saniel akacheka kwa nguvu hadi akapaliwa. Horia Velicu! Kijana aliyekuja ofisini hajui kupanga aya, Saniel akamfundisha hata pa kuweka nukta. Kijana aliyekuwa akimwita mwalimu, na ambaye tangu uchaguzi alikuwa akivaa shati la buluu, sare ya vijana wa chama kinachowachukia Wayahudi, chini ya koti, akifungua kifungo kimoja zaidi kila wiki ili lionekane.

"Nikikataa?"

"Ukikataa," akasema Dumbrava, machozi yakianza upya, "sina la kufanya, Saniel. Haki ya Mungu, sina."

*

Rasela, mkewe, alikuwa mshona kofia. Alimsikiliza akiwa na pini mdomoni, kofia ya mteja mkononi. Saniel alingoja apasuke. Alimjua mke wake: mwanamke aliyewahi kumrushia mwenye nyumba ndoo.

Rasela akatoa pini mdomoni.

"Kubali," akasema.

"Nini?"

"Umeandika maisha yako yote kwa jina la mto. Leo jina la mtu linakushinda nini?"

"Mto haukuwahi kunidharau, Rasela!"

"Mto pia haukukulisha. Saniel, nisikilize mume wangu. Wateja wangu wanavuka barabara wakiniona. Huyu wa kofia hii amemtuma mtumishi, yeye haji tena. Tukae kimya, tupite. Hawa hawatadumu."

"Na nikiandika vizuri, atasifiwa Velicu?"

"Ndiyo. Na wewe utakuwa hai, ukinuna hapo kwenye kiti. Nakupenda hata ukinuna."

Akakubali. Angefanya nini?

*

Velicu alimpokea kwa heshima zote. Alikuwa amekalia kiti cha Saniel.

"Karibu, mwalimu! Samahani, hiki kiti walinipa tu, mimi sikukiomba. Kaa pale kwenye kistuli. Una baridi? Mleteeni chai! Mwalimu, naapa, mimi sina ubaya na mtu."

"Unataka niandike nini, Horia? Soko la nyama? Barafu mtoni?"

"Aaa, hayo baadaye. Wakubwa wanataka kitu cha wakati huu. Wayahudi wa miji midogo ya jimbo la Moldova, foleni za mahakamani, habari za uraia. Wewe unapajua, si ndiko kwenu?"

Saniel akainuka kwenye kistuli.

"Unataka niwatukane watu wangu kwa kalamu yangu?"

"Nani kasema utukane? Andika unavyojua. Ukweli mtupu." Velicu akatabasamu, meno meupe. "Mwalimu, wewe mwenyewe ulinifundisha: mwandikie msomaji mtu mmoja, usimwandikie umati."

Na hapa, msomaji, ndipo Saniel alipopotea. Maana kijana alikuwa ameligusa lile aliloliamini kuliko hata dini ya baba zake: kwamba ukimfanya mtu amwone mtu mwenzake, amwone vizuri, pua yake na mikono yake na sufuria zake, hawezi tena kumchukia.

Akaenda nyumbani, akaketi mezani jikoni, akaandika mchana kutwa. Aliandika kama hajawahi kuandika.

Alimwandika mzee mmoja, fundi wa vioo vya madirisha, aliyeziba kwa vioo vyake nusu ya mji, kanisa likiwemo na kituo cha polisi kikiwemo. Mzee aliyebeba majeruhi vitani hadi mizinga ikamuua masikio. Alimweka kwenye foleni ya mahakama, kwenye theluji, haelewi karani anauliza nini, akijibu "Mzima, asante!" kila anapoulizwa jina. Aliandika nyumba yake karibu na daraja, na dirisha la chumbani lenye kioo kimoja chekundu katikati ya vioo vyeupe. Kioo hicho mzee alimwekea mkewe alipokuwa mgonjwa, ili asubuhi za baridi jua liingie likiwa na rangi ya joto. Mke alikufa. Kioo kikabaki.

Jina la mzee hakulitaja. Alimwita "Mzee F." Mji hakuutaja, alisema "mji mdogo kando ya Siret". Alijiona mwangalifu.

Mzee huyo alikuwa baba yake mkubwa, Froim Ghelber, aliyemlea tangu baba yake mzazi alipofariki.

Rasela alisoma, akafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha kofia.

"Watalia," akasema. "Hata wenye mashati ya buluu watalia."

*

Gazeti likatoka. Mkahawani, watu walikuwa wakigombania nakala.

"Velicu huyu! Nani angejua?"

"Kijana ana kalamu!"

Saniel akachukua nakala moja, akasoma akiwa amesimama. Maneno yalikuwa yake. Aya zake, koma zake. Hawakuwa wamekata hata neno. Moyo ukaanza kumtulia.

Kisha akafika kwenye kioo chekundu. Baada ya maneno "Mke alikufa, kioo kikabaki", palikuwa na sentensi moja ambayo hakuiandika yeye.

"Lakini msomaji na ajiulize: taa inapowashwa nyuma ya kioo hicho chekundu, karibu na daraja, inamwashia ishara nani ng'ambo ya mpaka?"

Sentensi moja tu.

Akairudia. Kwa sentensi ile, kila alichokipamba kiligeuka. Uziwi ukawa ujanja. Majibu ya "Mzima, asante" yakawa dharau kwa mahakama. Vioo vya kituo cha polisi vikawa upelelezi. Kila kitu alichokipenda kwa mzee yule kilisimama pale kama ushahidi, kimepangwa vizuri na mwandishi hodari.

Mlango ukafunguka, akaingia Velicu, akapigiwa makofi.

Saniel akamshika mkono, akamvuta hadi penye makoti.

"Umefanya nini, Horia? Umefanya nini?"

"Taratibu, mwalimu. Watu wanatazama."

"Hiyo sentensi!"

"Walinipa amri. Ama sentensi iingie, ama makala nzima iende kikapuni. Nikaona niiokoe kazi yako." Na kwa mtazamo wake mwenyewe, msomaji, kijana alikuwa akisema kweli. "Ningekuwa mtu mbaya ningeitupa."

"Nitasimama hapa hapa niseme ni yangu. Niseme hiyo sentensi ni ya uongo."

Velicu akamwinamia sikioni, sauti ya upole kabisa.

"Sema. Wewe utafungwa kwa kuandika bila kibali, Dumbrava atafungwa kwa kukuficha, na sentensi itabaki imechapishwa pale pale. Utakuwa umepata nini?"

Saniel akamwachia mkono. Mtu mmoja akaja akamkumbatia Velicu kwa nyuma, wakaenda zao kwenye meza ya katikati.

*

Nyumbani Rasela alikuwa ameshasoma. Alikuwa amekaa sakafuni, kofia zote zimemzunguka.

"Mimi ndiye niliyekwambia ukubali."

"Si wewe."

"Ni mimi! Usinitetee." Akainuka ghafla. "Podeni kuna fundi vioo wangapi karibu na daraja?"

"Mmoja."

"Kwenye dirisha lenye kioo chekundu?"

Rasela akamtupia koti.

"Nenda ukamlete. Leo hii. Mlete hapa, alale kitandani kwetu, sisi tutalala chini. Nenda, Saniel, unangoja nini?"

Pasi ya treni hakuwa nayo tena. Alikata tiketi ya daraja la tatu, akabanwa dirishani na watu wenye vikapu.

Mbele yake alikaa bwana mmoja mchangamfu mwenye mashavu mekundu, akila soseji ya vitunguu saumu kwa kisu. Alimkatia Saniel kipande bila kuulizwa. Akammiminia na tuica, pombe kali ya matunda, kwenye kifuniko cha chupa.

"Kunywa, bwana, unatetemeka. Msiba?"

"Mgonjwa. Baba yangu mkubwa."

"Pole sana. Mungu atamponya." Akafungua gazeti. "Unajua kusoma wewe? Unaonekana msomi. Miwani yangu nimeisahau kwa dada. Tusomee hii ya Velicu, na hawa akina mama wasikie."

"Macho yananiuma, mzee."

"Acha kuringa! Safari ndefu. Jamani, bwana anatusomea!"

Behewa zima likamgeukia. Mama mmoja akamnyamazisha mtoto. Saniel akashika gazeti, akasoma. Sauti ilimtoka yenyewe. Kwenye foleni ya mahakama watu wakacheka, lakini cheko la huruma. Kwenye ugonjwa wa mke, yule mama akasema, "Maskini." Saniel akasikia tumaini likimpanda kooni. Yawezekana! Hata sasa yawezekana! Akafika kwenye kioo, akasoma, "Mke alikufa, kioo kikabaki," akairuka ile sentensi, akaendelea na aya inayofuata.

"Hapana, hapana," bwana wa soseji akanyanyua kisu. "Umeruka. Dada alinisomea asubuhi. Kuna pa taa hapo."

"Sipaoni."

"Hapo chini ya kidole chako."

Wote wakangoja. Saniel akatazama nje. Mashamba meupe, hakuna hata nyumba. Akasoma. "Lakini msomaji na ajiulize..."

"Ehe!" akasema yule mama aliyekuwa amesema maskini. "Kumbe!"

"Ndivyo walivyo," akasema bwana wa soseji bila chuki yoyote, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Unawahurumia, halafu taa." Akamkatia Saniel kipande kingine. "Lakini unasoma vizuri, bwana! Ungekuwa mwandishi wewe."

*

Podeni alifika kungali mchana mweupe, lakini gazeti lilikuwa limemtangulia kwa treni ya alfajiri. Alikimbia kutoka stesheni, akaanguka mara kadhaa kwenye barafu. Barabara ilikuwa tupu, maduka ya Wayahudi yamefungwa, na nyuma ya mapazia aliona nyuso zikimchungulia na kutoweka.

Nyumba ya karibu na daraja haikuwa na kioo hata kimoja.

Mlango ulikuwa ukining'inia kwenye bawaba moja. Ndani, vioo vilivyovunjika vilijaa kuanzia karakana hadi chumbani, vinasagika chini ya viatu. Na katikati, juu ya kigoda, mzee Froim alikuwa ameketi na blanketi begani, shavu moja limevimba, akichagua vipande vikubwa kutoka kwenye vidogo.

"Baba!"

Mzee hakusikia. Saniel akazunguka mbele yake, akapiga magoti.

"Saniel!" Mzee akapaza sauti, sauti ya kiziwi, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Umekuja! Angalia viatu, utajikata. Umekula?"

"Baba, wamekupiga?"

"Eh?"

"WAMEKUPIGA?"

"Kidogo tu. Mmoja kofi, mmoja teke. Watoto wale. Mmoja nilimwekea mama yake vioo vya jiko." Akacheka, kisha shavu likamuuma akaacha. "Walikuwa wanatafuta taa. Nikawaambia taa ipo moja, chukueni. Wakaivunja. Wamesema watarudi kutafuta redio. Mimi nina redio? Mimi nisikie redio na masikio haya?"

"Inuka, baba. Vaa koti. Tunaondoka na treni ya jioni."

"Eh?"

"TUNAONDOKA!"

"Ngoja." Mzee akamshika mkono wa koti. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Kwanza nikuulize kitu. Jirani yangu Ruhla amenisomea lile gazeti sikioni, neno kwa neno. Wamesema mambo ya kioo cha mke wangu Sura. Kwamba nilikiweka ili jua liingie na rangi ya joto." Akamtazama. "Sikumwambia mtu jambo hilo, mwanangu. Nilimwambia mtoto mmoja, aliyekuwa amelala na homa kitanda kile kile, akaniuliza kwa nini kile kioo ni chekundu."

"Ni mimi," Saniel akanong'ona.

"Eh? Sema kwa sauti!"

Nyumba zote jirani zilikuwa na madirisha yaliyovunjika. Neno lolote lingetoka hadi barabarani. Lakini angefanyaje, msomaji? Hata uongo ungebidi upigiwe kelele.

"NI MIMI NILIYEANDIKA!" akapiga kelele, na machozi yakamtoka kwa nguvu ileile. "MIMI, BABA! ILE YA TAA WALIONGEZA WAO, LAKINI MENGINE YOTE NI MIMI!"

Kipande cha kioo kilikuwa bado mkononi mwa mzee. Saniel aliinamisha kichwa akingoja laana. Aliitaka. Ingempunguzia.

Badala yake, mkono wenye makovu ukamwangukia kichwani.

"Ni wewe," akasema Froim, na sauti yake, Mungu wangu, ilikuwa na furaha. "Sasa kwa nini unalia? Basi tumepona! Mimi nilidhani ni mgeni, nitamwombaje mgeni? Kumbe ni wewe. Utaandika nyingine kesho, useme ile ya taa ilikosewa."

"Siwezi, baba."

"Eh?"

"SIWEZI! Hawaniruhusu! Sina kadi, sina gazeti, hata jina sina!"

Mzee akatikisa kichwa, akitabasamu kama anavyotabasamu mtu kwa mtoto anayedai hawezi kufunga kamba za viatu.

"Mtu aliyeweza kuwaleta hapa kwa maneno tu," akasema, "anaweza pia kuwarudisha. Mimi sijasoma, lakini hilo naliona."

Ndipo Saniel aliposikia. Mbali kidogo, upande wa daraja: sauti nyingi za vijana, zikiimba kwa pamoja, viatu vikigonga mbao. Wimbo ulikuwa ukija.

"Baba, inuka. Inuka! Kuna mlango wa nyuma?"

Mzee hakusikia wimbo. Lakini aliona macho ya mtoto wake yalivyoruka kuelekea barabarani, akageuka naye akatazama kupitia fremu tupu ya dirisha. Akaona mashati ya buluu kwenye theluji.

"Aa, wamerudi," akasema. "Vizuri, wamekukuta."

"Baba, hapana. HAPANA!"

"Usiogope. Wao wanamheshimu mtu wa gazeti. Niliwaona wanavyolishika lile gazeti kama kitabu cha sala." Alikuwa ameshainuka, blanketi limeanguka, anavuka vioo kwa hatua za mtu aliyezoea kutembea juu yake. Saniel alimrukia amshike, mguu ukateleza kwenye vipande, akaanguka, kiganja kikachanika. Alipoinua kichwa, mzee alikuwa kizingitini, anausukuma ule mlango mbovu kando kwa mikono yote miwili, kama mwenye nyumba anayepokea wageni wa harusi.

"Ingieni, wanangu, ingieni!" akapaza sauti yake kubwa ya kiziwi, iliyofika hadi darajani. "Aliyeandika gazeti yumo humu! Ni mwanangu! Njooni mumuulize wenyewe!"

Nje, wimbo ukakatika ghafla.